Moshi wa jeshi hauna risiti

Hapa Dar nikisema naandika makala kila mtu anaelewa ni kitu cha kusoma. Nenda Goma umwambie mama wa sokoni unatafuta makala, atakuuliza unataka gunia zima au ya kupimiwa kwenye ndoo, maana kule makala ndo mkaa. Kwa hiyo hii ni makala inayohusu makala, pamoja na vifaru, visima vya mafuta, majaji wa The Hague na daftari moja la dunia ambalo kuna ukurasa waliuruka makusudi.

Nilianza kulifikiria hili baada ya kupanga tarehe tatu pamoja, zote za Februari 2022. Tarehe 9 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ile ya The Hague, ilitoa hukumu ya fidia kati ya Kongo na Uganda, na kwenye kipengele cha misitu iliyokatwa Kongo haikupata hata senti. Tarehe 22 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaifunga rasmi tume iliyokuwa inasimamia fidia za vita vya Ghuba, baada ya Iraq kumaliza kulipa dola bilioni 52.4, na humo ndani kuna bilioni 5 na ushee za mazingira peke yake. Siku mbili mbele, tarehe 24, Urusi ikaingia Ukraine, na haikupita muda kuna watu wakakaa chini wakaanza kuhesabu tani za moshi wa vita hivyo. Mwezi mmoja, vita vitatu, mmoja kalipwa, mmoja kaambiwa hana ushahidi, mmoja bado anakusanya risiti. Sisi huku tumezoea kuambiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kwenye vita na mazingira mchezo ni ule ule, ila wengi hata kitabu cha risiti hawana.

Tuanze na mafuta maana ndo rahisi kuelewa. Kifaru cha Kimarekani aina ya Abrams kina tanki la lita kama 1,900 na likijaa kinaenda kilometa 420 hivi, tena barabara ikiwa nzuri. Piga hesabu, ni lita nne na nusu kwa kila kilometa moja. Bodaboda ya kawaida lita moja inakupeleka kilometa 45, wengine watakwambia 50 kama dereva hana fujo. Yaani mafuta ambayo kifaru kinamaliza kusogea kilometa moja tu, wewe na bodaboda yako mnatoka Dar mnaingia Morogoro. Na hapo kifaru kinatembea, injini yake ni ya mtindo wa ndege, kikisimama bila kuzimwa bado kinaendelea kunywa, tena si kidogo. Tanki moja likiisha limetoa karibu tani 5 za hewa ukaa, na ukichukua hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa Mtanzania wa kawaida, tanki hilo moja ni sawa na watu 15 au zaidi kwa mwaka mzima.

Halafu mafuta hayatembei yenyewe. Kule Afghanistan mafuta ya jeshi yalikuwa yanavushwa kwa malori kwenye milima, na kwenye kambi za mbali yanamaliziwa kwa helikopta, kwa hiyo unachoma mafuta ili kupeleka mafuta ili uchome mafuta, na unahitaji askari wa kulinda msafara, na magari ya hao askari nayo yanataka mafuta. Mwaka 2009 maafisa wa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, waliliambia Bunge lao kwamba galoni moja, ambayo haifiki hata lita nne, kwenye baadhi ya vituo gharama yake ilikuwa inaweza kufika dola 400. Mtafiti wa Marekani Neta Crawford alikaa akakokotoa matumizi ya jeshi la nchi yake, akapata tani milioni 59 za gesijoto, yaani hewa ukaa na wenzake wanaopasha dunia joto, kwa mwaka 2017, ambayo ni zaidi ya nchi nzima kama Sweden au Denmark. Hakuna taasisi moja duniani inayonunua mafuta kuliko hiyo.

Na dunia nzima je? Mwaka 2022 wataalamu wa taasisi mbili za Uingereza walitoa makadirio kwamba majeshi yote yakijumlishwa na viwanda vinavyoyahudumia yanatoa kama asilimia 5.5 ya gesijoto zote. Ingekuwa nchi ingeshika nafasi ya nne. Bara zima la Afrika, watu zaidi ya bilioni, huwa tunatajwa kwenye asilimia 4 au chini yake. Na zingatia neno makadirio, wale jamaa wenyewe walisema data walizopata ni chache, wakachukua nchi zilizoripoti angalau kidogo wakazitumia kukisia zisizoripoti, na hapo hawajaingiza mioto ya vitani, majengo yaliyobomolewa wala saruji ya kujenga upya. Ni moshi wa kuwa na jeshi tu, hujapigana na mtu.

Sasa kwa nini dunia inayojua ng'ombe wa Mmasai anatoa methani kiasi gani iwe inakisia kwenye jeshi?

Jibu liko Kyoto, Desemba 1997. Wakati ile itifaki ya kwanza ya kupunguza gesijoto inapikwa, wanajeshi wa Marekani walikuwa na wasiwasi kwamba ukiweka kikomo cha mafuta utakuwa umeweka kikomo cha operesheni, wajumbe wao wakasimamia hilo mpaka likapita. Mafuta ya meli na ndege kwenye safari za kimataifa yakawekwa pembeni, na yale ya operesheni za nchi nyingi zinazoendeshwa kwa mujibu wa Katiba ya Umoja wa Mataifa yakaambiwa yasiingizwe kwenye jumla ya nchi yoyote. Yapo, yanachomwa, moshi unapanda, ila kwenye daftari hayana mwenyewe. Kinachochekesha ni kwamba baada ya kupata msamaha wote huo Marekani yenyewe haikuiridhia ile itifaki, mwaka 2001 ikajitoa kabisa. Mgeni kaomba chakula kipikwe bila chumvi, kikaandaliwa bila chumvi, halafu hakula, na sisi tuliobaki mezani tukaendelea kula bila chumvi.

Mkataba wa Paris wa 2015 ulikuja ukaondoa ule msamaha wa moja kwa moja, watu wakashangilia, lakini ukisoma vizuri haujamlazimisha mtu kutenganisha moshi wa jeshi na mwingine. Anayetaka aripoti, asiyetaka basi. Kwenye majedwali ya kimataifa kuna kisanduku kabisa ambacho mafuta ya jeshi huwekwa, na jina lake ni kama kusema "vinginevyo visivyotajwa kwingine". Nchi nyingine inaweka namba hapo, nyingine inaacha wazi, nyingine inachanganya mafuta ya jeshi na usafiri wa kawaida au na majengo ya serikali kiasi kwamba huwezi kuyachambua. Na majengo, chuma cha meli, baruti, vyote vinaenda kwenye hesabu za viwanda na sekta nyingine.

Utetezi wa siku zote ni siri. Nitauheshimu kidogo, maana akijua unachoma lita ngapi leo kwenye kambi fulani adui anajua ndege zako zinaruka mara ngapi. Lakini jumla ya mwaka mzima, iliyotolewa mwaka mmoja au miwili baadaye, inafichua nini? Bajeti zenyewe zinasomwa bungeni na kutangazwa redioni. Nchi inayotangaza imenunua ndege ngapi za kivita na kwa shilingi ngapi halafu ikasema lita ni siri, mimi naona hiyo ni uvivu umevaa magwanda.

Na usidhani ni mambo ya mbali. Laikipia, Kenya, jirani zetu hapo, jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi kwa miaka mingi likiwa na makao yake Nanyuki. Machi 2021 mazoezi yalikuwa kwenye hifadhi ya Lolldaiga, moto ukawaka, na iliripotiwa kwamba chanzo ni jiko dogo la kambini lililopinduka. Jiko. Si bomu wala kombora. Nyasi zilikuwa kavu, upepo upo, ukaondoka na ekari 10,000 na ushee. Kilichowauma watu zaidi ni ujumbe wa askari mmoja kwenye Snapchat ulioripotiwa sana wakati ule, akisema wamesababisha moto, wameua tembo, na yeye anajisikia vibaya, ila ndo hivyo. Wakazi wakaenda mahakamani Kenya wakilalamikia moshi wa macho na kifua, mali zilizopotea na wanyama waliovamia mashamba wakikimbia moto. Miaka minne baadaye, 2025, iliripotiwa Uingereza imekubali kulipa pauni milioni 2.9 kwa walalamikaji 7,723. Ukigawa sawasawa ni kama pauni 375 kwa kichwa.

Angalia hapo kilicholipwa ni nini. Wamelipwa watu, kwa madhara yao, na ni haki yao. Ule msitu wa mierezi na mizeituni ya mwituni wenyewe haukusimama mahakamani kama mdai, wala tani za hewa ukaa zilizopanda siku zile hazina anayezidai. Na hii ilikuwa amani, kuna mahakama, kuna mawakili, kuna mtuhumiwa mwenye anwani inayojulikana.

Vita sasa ndo vinavuruga kila kitu. Watu wengi ukiwaambia moshi wa vita wanawaza mabomu, kumbe milipuko yenyewe ni sehemu ndogo sana. Wale waliokaa kuhesabu Ukraine, wakiongozwa na Mholanzi mmoja anaitwa Lennard de Klerk, kwa miaka mitatu ya mwanzo walipata tani milioni 230 za gesijoto. Theluthi na ushee ndo shughuli za kivita zenyewe, na kubwa humo ni mafuta. Zaidi ya robo ni ujenzi, yaani saruji na chuma cha kurudisha nyumba, madaraja na barabara zilizobomolewa, saruji ambayo nyingine hata haijachanganywa bado. Moja ya tano hivi ni mioto ya misitu na mashamba, maana eneo la mapambano moto ukiwaka zimamoto haendi, ardhi imejaa mabomu ya kutegwa, kwa hiyo unaungua mpaka uchoke wenyewe, na mwaka 2024 kulivyokuwa na ukame ndo ikawa balaa. Kuna vitu vingine hata mtu huwezi kuviwaza, kwa mfano ndege za abiria za Ulaya kwenda Asia zilizokuwa zinakatiza juu ya Siberia sasa zinazunguka, saa za ziada angani, mafuta ya ziada, kila siku, na abiria hata hajui kwamba na yeye yumo kwenye hesabu ya vita.

Kwa hiyo hesabu inawezekana. Ni ngumu na ina makisio mengi, lakini inawezekana hata risasi zikiendelea kulia. Na Mei 2023 Baraza la Ulaya likaanzisha rejesta ya uharibifu, iko The Hague, watu na serikali ya Ukraine wanapeleka madai yao na ushahidi, na mazingira yana sehemu yake. Pesa hazijaonekana, lakini faili lipo.

Turudi nyuma kwa aliyelipwa. Mwanzoni mwa 1991 jeshi la Iraq likiwa linatimuliwa Kuwait liliwasha moto visima vya mafuta zaidi ya 600. Mchana ukawa usiku, mvua ikawa inashuka nyeusi, na kisima cha mwisho kikaja kuzimwa Novemba mwaka huo. Mamilioni ya mapipa yalikuwa yanaungua kwa siku, mengine yakamwagika baharini, na mengine yakatuama jangwani yakawa maziwa kabisa, ziwa la mafuta, ndege walikuwa wanashuka wakidhani ni maji. Kuna mwanasayansi maarufu, Carl Sagan, alionya kwamba moshi ule ungeweza kupoza hewa mpaka mavuno ya Asia yaharibike. Haikutokea, moshi haukupanda juu vya kutosha ukanyeshewa ukashuka. Nalitaja hili kwa sababu watu wa mazingira nao wanakosea, na ni vizuri kulisema kabla mtu mwingine hajakusemea.

Lakini iliyobaki chini ilikuwa kweli, mchanga ulioganda kama lami, na Kuwait imeendelea kuusafisha miongo mingi baadaye. Kilichoisaidia ni mambo mawili. La kwanza, azimio namba 687 la Baraza la Usalama, Aprili 1991, lilisema waziwazi kwamba Iraq inawajibika kwa uharibifu wa mazingira na upotevu wa maliasili. Yaani kesi ya nani kafanya iliisha siku hiyo, ikabaki ni kiasi gani. La pili, na hili ndo naliona la maana zaidi, ile tume ilitoa kwanza pesa za kuhesabia. Zaidi ya dola milioni 240 zilitolewa kwa Kuwait, Saudi Arabia, Iran na wengine wakapime udongo, wakachunguze maji ya chini, wakahesabu kilichokufa pwani, ndipo waje na madai kamili. Unamlipa mtu aende akatafute risiti halafu ndo unamuuliza risiti iko wapi. Na pesa za kulipia zilikuwepo, zinakatwa moja kwa moja kwenye mauzo ya mafuta ya Iraq. Ukishindwa vita, una mafuta, na wakubwa wote wako upande wa pili, utalipa.

Watu wanauliza, kwani hakuna sheria ya kawaida mpaka lije azimio? Zipo, zimezaliwa Vietnam. Kuanzia 1962 mpaka 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua majani ili msitu usiwafiche wapiganaji, na dawa moja wapo, ile iliyokuwa kwenye mapipa yenye mstari wa rangi ya chungwa, ilikuwa na sumu ya dioksini ambayo mpaka leo kuna viwanja vya zamani vya ndege inachimbuliwa. Dunia ikashtuka, zikaja sheria mbili. Ya 1976 inakataza kugeuza mazingira kuwa silaha kama madhara ni ya kuenea, ya kudumu, AU makali. Ya 1977, ile Itifaki ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, inakataza mbinu za kivita zinazoleta madhara ya kuenea, ya kudumu, NA makali. Umeona hiyo "na"? Lazima vyote vitatu viwepo pamoja, na kudumu wanasheria wengi wanakutafsiria kuwa ni miongo, si miezi. Ziwa likioza miaka mitatu halafu likapona, hiyo haijadumu. Neno moja lenye herufi mbili limewaokoa majenerali kuliko fulana za kuzuia risasi.

Sasa Kongo. Uganda ilikuwa na majeshi mashariki mwa Kongo kuanzia 1998 hadi 2003 na mwaka 2005 mahakama ikasema imevunja sheria, pamoja na kushindwa kuzuia uporaji wa maliasili kule Ituri ilikokuwa inatawala. Nchi mbili zikaambiwa zikakubaliane fidia zenyewe, zikashindwa kwa miaka kumi, zikarudi mahakamani. Kongo ikadai zaidi ya dola bilioni 11. Hukumu ya 2022 ikatoa milioni 325, kati ya hizo milioni 225 za watu, milioni 40 za mali, na milioni 60 za maliasili, humo kuna dhahabu, almasi, koltani, mbao, wanyama, vyote vimefungwa kwenye furushi moja kwa makisio. Zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka.

Kwa msitu wenyewe Kongo ilidai milioni 100. Majaji wakasema hawajaletewa msingi wa kupima uharibifu huo, dai likatupwa. Na siwezi kusema majaji wamefanya uhuni, ukweli faili lilikuwa jembamba. Lakini hebu niambie, mwaka 1999 Ituri watu wanachinjana, nani alikuwa na kazi ya kwenda msituni na futi kamba kupima visiki? Kuwait walipewa mamilioni ya kuhesabia, Kongo ikaulizwa mahesabu yako wapi baada ya miaka ishirini. Hapo ndo utaona kwamba moshi kutokuwa na risiti si bahati mbaya, risiti ni kitu kinachogharamiwa, na anayegharamiwa anajulikana mapema.

Inauma zaidi kwa sababu pale pale mashariki, miaka michache kabla, mtu aliwahi kupima. Mwaka 1994 baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya laki saba walivuka wakapiga kambi kuzunguka Goma, Mugunga, Kibumba, kandokando kabisa ya Hifadhi ya Virunga. Mashirika ya kimataifa yalikuwepo, kwa hiyo namba zipo. Watu mpaka elfu themanini kwa siku walikuwa wanaingia hifadhini kutafuta kuni, na kuni zilizotoka zilifika mamia ya tani kila siku. Kilometa za mraba 105 za msitu ziliguswa, 35 kati ya hizo zikabaki kipara kabisa.

Ukitaka kuelewa hizo tani usiangalie ramani, angalia sufuria. Chakula cha msaada mara nyingi ni maharage makavu na mahindi ya punje. Nani asiyejua maharage makavu? Mimi nikisahau kuyaloweka usiku, kesho yake mkaa unaongezwa mara mbili mara tatu na bado yanagonga meno, saa tatu zimeisha. Sasa mama wa kambini hana ndoo ya ziada ya kulowekea, maji yenyewe ya foleni, jiko lake ni mawe matatu ya volkano, kuni ni mbichi maana zimekatwa leo, moshi mwingi joto kidogo. Zidisha hiyo sufuria moja kwa familia laki moja na nusu, mara mbili kwa siku, miaka miwili. Huyo mama hajashika bunduki hata siku moja, lakini moshi wake ni moshi wa vita kama ule wa kifaru, na hakuna jedwali la Kyoto wala la Paris lenye kisanduku chake.

Virunga ina hadithi nyingine ndogo naipenda kwa jinsi inavyoonyesha mnyororo. Ziwa Edward miaka ya 1970 lilikuwa na viboko kama elfu thelathini, katikati ya miaka ya 2000 wakawa hawafiki hata elfu moja. Waliliwa na watu wenye silaha wa kila aina, nyama ikauzwa, meno yakauzwa. Kiboko usiku anakula nyasi nchi kavu, mchana anashinda majini anakunya, na kinyesi chake kinarutubisha maji, maji yanalisha vijimea, vijimea vinalisha samaki. Viboko walipoisha wavuvi wa Vitshumbi wakaanza kulalamika samaki wamepungua, na watafiti wengi wanaona uhusiano. Mvuvi kapoteza kitoweo kwa sababu ya mavi yaliyokosekana, sasa hiyo fidia utaiandikaje?

Kuna mtu atasema mbona kuna sehemu vita vimeokoa msitu. Ni kweli. Ule mpaka wa Korea mbili, upana kilometa nne, tangu 1953 karibu eneo lote halilimwi, korongo wamejaa. Colombia baada ya amani ya 2016 ukataji miti ulipanda, maana waasi walipoondoka wenye ng'ombe waliingia. Hata kwetu, baada ya Wajerumani kuzima Majimaji kwa kuchoma vijiji na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, mashamba yakarudi pori, mbung'o wakaingia, na sehemu ya ardhi hiyo ndo baadaye ikawa ndani ya pori kubwa la Selous ambalo watalii wanaambiwa ni asili isiyoguswa. Imeguswa sana tu. Msitu uliopona kwa sababu wenyewe wamekufa siujui kama niuweke upande wa faida.

Kwa leo hii kupima kumekuwa rahisi kidogo. Picha za setilaiti za Landsat zipo tangu 1972 na tangu 2008 ni za bure, ukiwa na bando na uvumilivu unaweza kukaa nyumbani ukaona msitu wa Ituri wa 1998 na wa 2003. Tatizo picha inaonyesha kisiki, haionyeshi shoka lilikuwa la nani. Ukraine wana ahueni kwa sababu kuna mstari wa mbele unaojulikana na majeshi mawili yenye sare, moto ukiwaka karibu na mstari unajua uuandike wapi.

Goma hakuna mstari wa hivyo. Mwaka 2022 waasi wa M23 walivyoanza tena kusonga, watu wakakimbilia Kanyaruchinya na kambi nyingine pembeni ya hifadhi ile ile, kuni zile zile, na Januari 2025 mji wenyewe ukatekwa na kambi zikavunjwa. Makala yakaendelea kushuka mjini kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, magunia yamepangwa mpaka mwendeshaji haonekani. Miti imekatwa hifadhini, tanuru limechomwa eneo ambalo FDLR, waasi wa Kihutu waliotoka Rwanda, wamekuwa wakitoza ushuru kwa miaka, kizuizi cha barabarani askari wa serikali naye alikuwa anachukua chake, mwasi mpya akija naye anaweka kamba yake, na mwisho gunia linanunuliwa na familia ambayo ikikosa huo mkaa inalala njaa. Gunia moja, mikono mitano, na ukiwapeleka The Hague wote watano hakuna hata mmoja atakayekuwa na karatasi.